Kahawa ya Radhi

Alhamisi, tarehe kumi na sita Januari, wakati wa sala ya alasiri. Siku hiyo ndiyo iliyoharibika, na tangu hapo sijapata nyengine iliyotengemaa.

Wale mnaonifuata tangu mwanzo mnaijua habari yake. Mnaoanza leo, sikilizeni mara moja tu, maana nimechoka kuisema. Mke wangu Umkulthum alitoka nyumbani kwetu Ibra, hapa Oman, na chupa ya uji wa pilipili manga, anampelekea jirani yetu Turkiya aliyejifungua. Barabara imechimbwa. Njia ya kupita watu hakuna, kibao hakuna, lipo lundo la mchanga kubwa kama banda la mbuzi. Gari ikatokea. Uji ukamwagika kwenye lami, na Umkulthum akalala pembeni yake.

Mimi nilikuwa msikitini, nimesujudu.

Aliyekuwa akiendesha ni mtoto wa watu, Dalal, binti anayewatembeza wageni kule Ras al Jinz kuwaonesha kasa wanavyotaga. Nilimsamehe. Nikadhani kusamehe ndio kumaliza. Ndipo wiki iliyopita nikaitwa Iddiaa, yaani ofisi ya mashtaka ya serikali, nikamwambia bwana mkubwa niliyemkuta, "Nimekuja kusema nimesamehe." Naye akainuka, akafunga mlango, akanambia: "Hukuitwa kusamehe, ya hajj. Umeitwa kutoa ushahidi dhidi yake."

Basi hapo ndipo tulipo. Mlango umefungwa, mimi nimekaa, magoti yananiuma.

"Ushahidi gani?" nikamuuliza. "Mimi sikuona kitu."

"Hukuona. Lakini ulisikia."

Jina lake Firas. Kijana mdogo, ndevu zimechongwa kwa uzi, kanzu haina hata mkunjo. Tukizungumza Kiarabu, chake cha shule na changu cha kuungaunga, nami nakuandikieni kwa lugha yetu.

"Siku ya tatu ya msiba," akasema, "baba yake huyo binti alikuja nyumbani kwako?"

"Alikuja."

"Alisema nini?"

Sijasahau. Nani atasahau?

Hood, baba yake Dalal, aliingia na wazee wa kwao. Akavua kilemba chake mbele ya baraza nzima, akakiweka chini, miguuni pangu. Kahawa ikamiminwa. Wakapokea vikombe, wakaviweka juu ya mkeka, hakuna aliyegusa mdomo. Kila mtu wa huku anaijua maana yake. Mgeni akiweka kikombe chini ana haja kubwa, na hanywi mpaka apewe.

Halafu akasema. Na alivyosema, ndivyo nilivyomwambia Firas, neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa bado mjinga.

"Alisema: Sisi ndio tuliomuua mkeo. Damu yake iko mikononi mwetu. Hatuna udhuru wowote. Tufanye utakavyo."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Nami nikamwambia, kunyweni kahawa yenu. Wakanywa. Ikaisha."

Firas akaandika. Akaandika tena. Halafu akaweka kalamu, akanitazama kama mwalimu aliyepata jibu alilolitaka.

"Basi huko ni kukiri, ya hajj."

"Kukiri?" Nilihisi damu inapanda. "Ile ni adabu, mwanangu! Ulitaka aje kwangu, kaburi la mke wangu bado bichi, aanze kunambia mkeo angetazama kushoto? Mtu mwenye haya anabeba lawama yote, na mwenye msiba anamtua. Baba yako hakukufundisha?"

"Baba yangu alinifundisha. Na chuo kikanifundisha mengine. 'Hatuna udhuru.' Mtu anayesema hivyo hadharani, hakimu atamuelewaje?"

"Aliyesema ni baba. Aliyekuwa kwenye usukani ni binti."

"Kweli. Kwa hiyo tuje kwa binti." Akafungua ukurasa mwengine. "Shemegi yako, Marzouq, ametoa maelezo. Anasema siku hiyo hiyo, mlangoni kwako, binti alitamka kwa kinywa chake kwamba alikuwa na simu mkononi."

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Marzouq kasema hayo?"

"Na ameapa."

Marzouq ni ndugu yake Umkulthum, wa tumbo moja. Ndiye peke yake katika baraza ile aliyekimwaga kikombe chake nje badala ya kunywa na wale wageni. Nilidhani ni uchungu. Lakini Dalal mlangoni kwangu hakusema neno. Alishika nguzo, akalia mpaka akashikwa na kwikwi, shangazi zake wakamtoa. Mimi nilikuwa pale. Hakusema simu, hakusema gari, hakusema hata jina lake.

"Na mimi nikisema nimemsamehe?" nikamuuliza Firas. "Mwenye mke ni mimi. Aliyefiwa ni mimi."

Hapo akalegea kidogo. Si mtu mbaya, nasema haki. Akanisukumia glasi ya maji.

"Haki ziko mbili, ya hajj. Iko yako, na iko ya dola. Yako umeisamehe, Mungu akulipe kheri. Ya dola si yako, na si yangu. Mtu akifa barabarani kwa uzembe wa mwengine, anayeshitaki ni serikali, kwa niaba ya kila anayepita barabara ile. Msamaha wako hakimu atauangalia, pengine atampunguzia. Lakini kesi haufuti."

"Atapata nini?"

"Jela inawezekana. Leseni itasimamishwa. Na hukumu ya jinai inamganda mtu. Kesho akiomba kazi, wanaitazama. Na ikithibiti ile simu, basi mlango wa huruma unazidi kuwa mwembamba."

Nikayanywa yale maji. Yalikuwa moto.

"Na hiyo dola," nikasema, "iliyochimba barabara ikaacha lundo mpaka likaota majani, nayo umeishitaki? Mimi nilikwenda kwa wakubwa wa barabara kabla. Nilikwenda na kurudi mpaka mlinzi akanizowea. Kila nikienda, kesho inshallah. Yule aliyesema kesho inshallah, kesi yake iko wapi?"

"Hilo ni faili jengine."

"Nioneshe."

Firas akatazama saa yake.

* * *

Nimetoka pale nimechoka kama niliyepakia matofali. Sijafika kwenye gari, nikasikia: "Kaka Thani! Kaka Thani, ngoja!"

Hood. Mtu mnene, wazee wake walikaa Bujumbura, Kiswahili chake cha bara kimejaa maloya na maofisi. Yuko na Dalal, na yuko na mwanamke kijana mwenye begi kubwa, macho makali nyuma ya miwani.

"Huyu ndiye loya wetu, bibie Samah," akasema Hood. "Twende tukae pale tupate chai ya karaki, tafadhali. Usinikatalie."

"Shikamoo, baba," akasema Dalal, anatazama viatu vyangu.

"Marahaba, mwanangu."

Tukaingia kile kimkahawa cha ng'ambo. Chai ikaja, tamu ya kuumiza meno. Hood akaishika kwa mikono miwili wala hakunywa, na mimi nikamwambia, "Kunywa, bwana, leo hii ni chai tu."

Dalal ndiye aliyetaka kucheka, akajizuia.

Samah hakupoteza wakati. "Ami Thani, mimi sikwambii useme nini mahkamani. Hiyo ni haramu na ni kosa. Mimi nakuuliza tu jambo unalolijua. Na kwanza..." Akamgeukia Hood. "Ami Hood. Nani alikufundisha kukiri kwa adabu?"

"Mwanangu, ule ni msiba wa watu! Ningesemaje? Samahani, gari imeteleza?"

"Ungesema Mungu amrehemu, mkaweka kilemba chini, mkanyamaza. Maneno yako sasa iko kwenye faili, na kila mtu anaisoma kavu kavu, bila kahawa."

Kiswahili cha watoto wa siku hizi kinachechemea, lakini nilimwelewa kuliko nilivyomwelewa Firas na chuo chake.

"Sasa anajiteteaje?" nikamuuliza. "Mtu amekufa. Gari ni yake. Iko njia gani hapo?"

"Iko. Kufa kwa mtu peke yake si kosa la dereva. Serikali lazima ithibitishe mambo mawili: kwamba Dalal alikuwa mzembe, na kwamba uzembe huo ndio uliomuua marehemu, si kitu chengine. Mwendo wake ulipimwa, uko ndani ya sheria. Breki alifunga, alama zipo kwenye lami. Kwa hiyo upande wa mashtaka umebakiwa na mambo mawili tu: maneno ya baba yake, na hii simu anayoidai Marzouq."

"Na lundo?"

"Lundo ndiyo silaha yangu, ami. Kama mtu alitokea nyuma ya lundo, na hakuna njia nyengine ya kupita, dereva gani angemuona? Lakini sina hata picha. Lilikuwa na urefu gani?"

"Linanizidi mimi."

"Na siku ya pili yake?"

"Siku ya pili!" Nikaweka kikombe chini. "Siku ya pili asubuhi tunatoka kuzika, tukakuta lundo limezolewa lote. Vibao vimepangwa, vyekundu na vyeupe, vinameremeta kama harusi. Miezi wanashindwa, akifa mtu wanaweza kabla ya jua kupanda."

Samah akaandika. "Utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Nitayasema mbele ya yeyote."

Hood akashusha pumzi. Mimi pia. Kwa mara ya kwanza tangu Januari niliona kama mbele kuna njia.

Ndipo Dalal akasema, taratibu, hakumtazama yeyote:

"Alikuwa anacheka."

Sote tukamgeukia.

"Nani?" akauliza baba yake.

"Yule mama. Mke wake." Akanionesha kwa kidevu. "Sijamwambia mtu. Niliona mtu atasema nabuni. Ametoka nyuma ya mchanga, chupa mkono huu, na kichwa amelaza hivi, kwenye bega." Akalaza kichwa chake kushoto. "Anacheka, baba. Anacheka kwa nguvu, macho amefumba. Hajaniona mpaka mwisho. Mimi kila nikilala namuona anacheka."

Nikasogeza kikombe pembeni.

Kichwa kimelazwa begani. Nani asiyemjua mwanamke wa kwetu akiwa na kazi mikononi na mazungumzo sikioni? Simu anaichomeka ndani ya mtandio, inabanwa na kitambaa, anapika, anafua, anabeba, huku anazungumza. Umkulthum alikuwa hivyo kutwa. Mara ngapi nimemwambia, "Utakuja kuliziba hilo sikio!" Na sikio lake ni la kushoto. Na magari upande wetu yanatokea kushoto.

Samah alikuwa ameacha kuandika.

"Ami," akasema, "mkeo alikuwa akizungumza na simu?"

"Sijui," nikasema. "Nilikuwa msikitini."

Na kweli sikujua. Lakini nilikuwa nimekwishaanza kujua.

* * *

Simu yake shurta, yaani polisi, walinirejeshea ndani ya mfuko, kioo kimesagika, haiwaki. Nimeifungia kabatini pamoja na kanga zake. Sikuhitaji kuiwasha.

Umkulthum akizungumza na mashoga zake alikuwa akitabasamu. Akizungumza na mimi alikuwa akiguna. Kuna mtu mmoja tu duniani aliyemfanya acheke mpaka afumbe macho, kichwa kiende kando. Mdogo wake, mtoto aliyemlea mwenyewe mama yao alipofariki, akamwogesha, akamlisha, akamwoza. Mimi nimekaa naye umri mzima, sikuwahi kumchekesha hivyo hata siku moja.

Siku ya mahkama nikawahi. Marzouq alikwishafika kutoka Sur. Nikamkuta kwenye ukumbi wa kungojea, kajikunja kwenye kiti mwisho wa safu, kilemba kimekaa upande. Amekonda. Nikakaa kiti cha pili yake.

"Subalkheri, shemegi."

"Subalkheri. Umeshakula?"

"Sijala. Marzouq, siku ile, ulizungumza na dada yako?"

"Siku ipi?"

"Usinifanye mtoto."

Akatazama mlango. Akatazama saa ya ukutani. "Tulizungumza asubuhi."

"Asubuhi alikuwa na mimi. Tulikwenda sokoni pamoja, simu kaisahau nyumbani, akanung'unika njia nzima."

Askari akapita na funguo zake. Marzouq akazifuata funguo kwa macho mpaka zikapotea.

"Nilikuwa namhadithia ndoa yangu ya pili," akasema.

"Ndoa gani?"

"Hakuna ndoa! Nilikuwa namtania. Nilimwambia nimepata mchumba Jalan, hana meno ya mbele, anapika vizuri. Akawa anacheka. Akanambia, 'Marzouq niache, n'namwaga uji wa watu.' Nikamzidishia. Nikamwambia na mama mkwe naye hana meno, nyumba nzima wanakula boko boko, hakuna wa kutafuna."

Akajaribu kutabasamu, uso ukakataa.

"Nilisikia, Thani."

"Ulisikia nini?"

"Breki. Nilisikia breki, halafu kishindo, halafu simu ikakatika. Nikajidanganya ni mtandao. Nikampigia tena. Nikampigia tena. Nikasema amekasirika. Mpaka uliponipigia wewe."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Nilikuwa nimechoka mno kwa yote mawili.

"Ukaona umsukumie yule mtoto simu yako," nikasema.

"Alimgonga! Si alimgonga? Gari ya nani? Mimi nilikuwa Sur!"

"Hakusema kitu pale mlangoni. Nilikuwapo."

"Kila mtu anaendesha na simu siku hizi. Lazima alikuwa nayo."

"Uliapa, Marzouq."

"Niliapa." Akanishika mkono, vidole baridi. "Nisikilize. Ukisema kweli leo, unajua watasemaje? Watasema Umkulthum ndiye aliyejiua. Watasema mwanamke alikuwa anatoka kwenye njia huku anacheka na simu, hakutazama. Wakubwa wako wa barabara, hao unaowalaani kutwa, watafurahi. Watasema lundo halina kosa, kibao hakina kosa, mwenye kosa ni maiti. Ndivyo unavyotaka? Aandikwe hivyo kwenye makaratasi yao mpaka kiyama?"

Hilo sikuwa nimelifikiri.

"Na mimi," akasema, sauti imekwisha, "watanifunga kwa kiapo cha uongo. Mkeo... dada yangu hakunilea ili nifungwe. Ungemuuliza angekwambiaje?"

Mlango ukafunguliwa. Askari akaita jina la Dalal.

* * *

Chumba kidogo kuliko nilivyodhania. Kiyoyozi kinavuma. Hakimu mtu mzima, ndevu nyeupe, macho ya mtu aliyekwishasikia kila kitu. Firas upande mmoja, Samah upande mwengine. Dalal kasimama mbele, mikono kaifumbata, na Hood nyuma yake anasoma dua kwa midomo tu.

Dalal akaulizwa yeye kwanza. Akasimulia. Na alipofika pale, akasema mbele ya wote lile alilotwambia kwenye chai: mama ametokea nyuma ya mchanga, kichwa amelaza, anacheka. Nyuma yangu Marzouq akakohoa.

Halafu nikaitwa mimi. Nikaapa. Mkono wangu juu ya Msahafu ulikuwa mzito kama si wangu.

Firas akaanza na kahawa. "Baba wa mshitakiwa alisema, sisi ndio tuliomuua?"

"Alisema. Lakini bwana hakimu, kikombe kilikuwa chini." Nikamgeukia hakimu mwenyewe. "Walikuwa hawajanywa. Mtu ambaye hajanywa kahawa ya radhi anasema lolote ili apewe radhi. Angesema amemuua na baba yangu pia, na baba yangu alikufa kitandani."

Watu wakacheka chini chini. Hakimu hakucheka, lakini akapitisha kidole kwenye ndevu.

"Na mimi ningekiweka chini," akasema. "Maneno hayo ni ya kutaka radhi. Mahkama inajua desturi za watu wake. Endelea."

Hood akafunika uso kwa kilemba chake. Samah akapata nguvu, akaniuliza lundo. Nikalisema lote: urefu wake, kibao kilichokosekana, kesho inshallah, na vile vibao vya harusi vya siku ya pili. Nikasema mpaka koo likakauka. Hakimu akaandika kwa mkono wake mwenyewe, na moyo wangu, wallahi, ukatua. Nikasema basi, watu wakubwa wataulizwa hatimaye. Mtoto wa watu atakwenda kwao kwa kasa wake. Na mimi nitakwenda kulala.

Firas akainuka tena.

"Swali moja. Mshitakiwa, mlangoni kwako, alisema alikuwa na simu?"

Sikumtazama Marzouq.

"Hakusema. Alilia tu."

"Una hakika?"

"Nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na kiti hiki."

"Basi shemegi yako ameidanganya Iddiaa? Ameapa uongo?" Firas akageuka, akamtafuta Marzouq kwa macho. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. "Kwa nini afanye hivyo, ya hajj? Ana faida gani?"

"Mimi si yeye," nikasema.

"Lakini unajua."

Samah akainuka kupinga, hakimu akamkalisha kwa kiganja. Akavuta karatasi moja kutoka chini ya nyengine, akaisogeza mbali kama wafanyavyo watu wa umri wetu.

"Shurta wameandika hapa," akasema, pole pole, "kwamba simu ya marehemu ilikutwa ndani ya mtandio wake, upande wa kushoto. Hakuna aliyelipa jambo hili uzito." Akamtazama Firas, Firas akatazama meza. Ndio wakubwa hao. Karatasi iko mezani kwao tangu Januari, hakuna aliyeisoma mpaka chini.

Kisha akanitazama mimi.

"Ya Thani. Umeapa. Nikikuuliza, utanambia kweli?"

"Inshallah."

Dalal alikuwa amegeuka. Macho yake yamevimba, yananing'ang'ania kama mtoto anayengoja kupokelewa. Neno moja kutoka kwangu, na yuko huru. Na neno hilo hilo linamtia Marzouq pingu pale pale alipokaa, mtoto wa Umkulthum, na linamlaza Umkulthum mwenyewe mbele ya watu hawa wote, waseme alijitakia. Na lile lundo linasafishwa kwa mara ya pili.

Nyuma yangu sikumsikia tena Marzouq akikohoa. Sikumsikia hata akipumua.

Hakimu akaweka kalamu chini.

"Mshitakiwa anasema mkeo alikuwa akicheka," akasema. "Alikuwa akicheka na nani?"